Dereva Hayupo

Saa tano usiku, na jua bado limeganda
ukingoni mwa shamba, kama mgeni asiyejua kuaga.
Huku Ostrobothnia, mwezi wa Juni, giza ni neno tu.
Irja yumo ndani ya trekta, juu ya ngazi nne,
na trekta limekata kauli.

Halikukohoa. Halikufuka moshi.
Limezimika tu, kama taa ya karani
saa ya kufunga ofisi,
na kiooni, kwa manjano:
DEREVA HAYUPO.

Anajipapasa mapaja.
"Nipo," anasema, kisha anaona haya.
Anajirusharusha kitini; injini inanguruma,
trekta linasogea hatua arobaini, linanyamaza.
DEREVA HAYUPO.

Satelaiti kumi na moja zinajua lilipo,
hazikosei hata kwa upana wa vidole viwili.
Linajua unyevu wa nyasi, joto la mafuta,
dakika ambazo Irja alipumzika jana.
Hili moja tu halilijui:
kwamba limekaliwa.

Tangu Machi, tangu hospitali, kilo kumi na nne zimemtoka.
Suruali ameifunga kwa kamba ya marobota.
Chini ya mto wa kiti kuna kihisi kidogo mfano wa biskuti,
kazi yake kupima kama upo uzito wa kutosha kuitwa mtu.
"Kibadilishwe," fundi wa kampuni alisema kwenye simu,
"na kompyuta ya kukitambulisha ninayo mimi. Jumatatu."
Leo Ijumaa.
Mvua inaingia alfajiri kutoka ghubani,
nyasi zimelala chini, mistari kwa mistari,
chakula cha Januari cha ng'ombe thelathini na wawili.

Jalmari wa jirani amefika na pikipiki, waya mdomoni.
"Naunganisha hapa na hapa, basi,
litaamini daima kuna mtu kitini."
Daima?
"Daima. Hata ukiwa kitandani kwako umelala."

Irja anatazama ghala.
Mle limo lile jekundu la mwaka sitini na nne,
nyaya zake utazihesabu kwa vidole na vidole vikabaki.
Kwa baridi ya kupasua chupa, liliwaka.
Lilipotolewa mtoni, likakaushwa kwa gunia, liliwaka.
Veikko, baba yake, alilisifu hadi mlangoni pa kanisa.
Siku ile alishuka kuchomoa kamba iliyojizonga nyuma,
gia haikuwa imetoka sawasawa.
Halikuuliza dereva yuko wapi.
Lilimpitia, likaenda zake,
na walipolikuta jioni, pua mferejini,
lilikuwa bado linanguruma,
zima kabisa, la kutegemewa.

"Rudisha waya wako mfukoni," anasema.

Anaingia zizini, anatoka na jiwe la chumvi la ng'ombe,
kilo kumi, limelambwa upande mmoja likawa kama shavu.
Anapanda polepole. Anakaa. Analipakata.
Jalmari anacheka, kisha hacheki.
"Nikishuka nashuka nalo," Irja anamwambia.
"Hapo tutakuwa hatukulidanganya."

Injini inawaka. Hatua arobaini. Mia.
Analifikia pindo la shamba, anageuza,
mkono mmoja usukanini, mmoja umekumbatia chumvi.

Kioo hakimwambii YUPO.
Neno hilo hakikufundishwa.
Yale maandishi ya manjano yametoweka, basi,
na mahali yalipokuwa anauona uso wake,
mwembamba, unatikisika,
na nyuma yake nyasi zinainuka.